Jino la Mwezi wa Pili

Binti yangu alizaliwa na jino. Mama mkwe ndiye aliyeliona kwanza, tungali maternité, hospitali ya uzazi, hapa Kolwezi. Alimpokea mjukuu, akamchungulia kinywani, kisha akamfunika uso kwa kitenge upesi.

“Mama, ulikula nini mu mimba?” akaniuliza.

Nami nilikuwa na shaka zangu. Mume wangu alikuwa akichimba kobalti mgodini, kwenye mine, na nguo zake zenye vumbi nilizifua mimi, mimba yote. Kwa mama mkwe, binti wa watu wa Kasai, mtoto wa namna hiyo hakuja peke yake, yuko aliyemtuma kwa uchawi.

Daktari alilibonyeza jino kwa kidole. Halikutikisika.

“Hakuna mutu aliliweka,” akasema. “Meno inaanza mu tumbo, mwezi wa pili wa mimba. Ngozi ya ndani ya kinywa inanenepa, inaingia chini, inafanya bitu kama bichipukizi. Batoto bote banazaliwa na meno, ila inajificha mu fizi. Ya huyu imetangulia tu.”

“Na vumbi ya mine, docteur?”

“Ile siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana.”

Nilidhani tutapumua. Kumbe katika maneno yote ya daktari mama mkwe alikuwa ameshika mwezi wa pili tu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Kapata, alisema bila kunitazama: “Mwezi wa pili ulikuwa Kasaji, kwa mama yako.”

Tangu hapo niliogopa atamdhuru mtoto, sikumwachia hata kumwogesha. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji huku mtoto amelala. Niliporudi nilimkuta mama mkwe amempakata, kidole chake kimo kinywani mwa mtoto. Ndoo ikanidondoka. Nikamnyang’anya.

“Nilipima kama jino inatikisika,” akasema. “Ikitoka akiwa mu usingizi, itamukaba.” Akanitazama. “Unazani naweza kuua mutoto wa mutoto wangu?”

Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikamfunga mtoto mgongoni. Akaokota ndoo, akaenda bombani mwenyewe. Siku ile tulikula bukari, ugali wetu, kila mmoja akitazama sahani yake.

Jino halikung’oka, mengine yalilifuata kwa wakati wake. Sasa mtoto anatafuna muwa, na anayemmenyea ni bibi yake. Wanacheka pamoja kibarazani. Mimi huchukua kazi yoyote ya mikono, nikakae karibu nao, jicho langu kwenye vidole vya bibi.