Uvumi wa Mzee Sponji

Fundi makochi huyu tunayemzungumzia hapa alikuwa na ugonjwa mmoja, nao haukuwa wa kupelekwa hospitali. Kila akipata nafasi, misumari bado mdomoni, lazima achungulie simu kuona mashabiki wa Kutu wanasema nini. Kutu ni bendi ya roki, magitaa ya kupasua masikio na mwimbaji anayelia kama kabanwa kidole mlangoni. Ilikuwa kimya miaka mingi, sasa imetangaza kwamba albamu mpya inakuja, bila kusema lini wala ina nyimbo gani. Basi kwenye kundi la mashabiki simuni hakukukalika.

Jamani, mashabiki wana kazi! Mmoja, waliyemwita Masikio, alisikiliza kipande kifupi kilichowekwa mtandaoni akaapa amesikia mlango ukifungwa, na kwamba mlango huo maana yake wimbo wa kwanza ni wa talaka. Mwingine alikuwa anachunguza viatu vya watu pichani. Katibu, dada mkali mwenye kundi lake, ndiye aliyewaweka sawa, asiye na ushahidi anyamaze. Fundi naye alikuwamo, akijiita Mzee Sponji, akidondosha neno mojamoja. Hakuna aliyejua kwamba Mzee Sponji ndiye Nyundo, mpiga dramu wa kwanza wa Kutu, yuleyule ambaye picha yake ya ujana, nywele hadi mabegani, ndiyo waliyoiweka kuwa picha ya kundi.

Hakufukuzwa kwenye bendi, wala hakugombana na mtu. Baba yake alipooza upande mmoja, karakana yake ya makochi ikakosa mwenyewe, na wadogo zake walikuwa bado shule. Akaomba ruhusa ya muda mfupi. Wenzake wakamwambia nenda ndugu yetu, nafasi yako ipo. Muda ukavutwa, baba akafariki, watoto wakazaliwa, na wenzake wakatafuta mtu wa kushikilia, kisha mwingine. Hakuna aliyemwambia basi, na hakuna aliyemwita tena. Hilo ndilo lililomuuma, afadhali wangemtukana.

Siku moja mchana, kazi imepoa, amevua kochi kuukuu kitambaa na kukuta ndani vumbi na vijiko vya watu, mtu akauliza kwenye kundi: "Hivi safari hii dramu anapiga nani?" Wakaanza kutaja majina. La kwake halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Watu wameibandika sura yake pale juu na hawamkumbuki! Vidole vikamwasha, akaandika: "Nina habari za chini ya kapeti. Nyundo anarudi."

Akatia simu mfukoni akicheka peke yake. Alipoitoa, kundi lilikuwa limeshika moto. Wanalia, wanashangilia, wanamuuliza Mzee Sponji kazipata wapi. Akajifanya hamnazo. Kabla jua halijazama maneno yalishatoka kundini yakaenda mitandaoni na kutiwa chumvi: Nyundo ameonekana uwanja wa ndege, Nyundo amekonda kwa mazoezi. Uwanja wa ndege, na mwenyewe yuko hapa anapaka gundi!

Mambo yangeishia hapo tungecheka tukaenda zetu. Lakini bendi ikaweka picha ya studio, na Masikio akawa wa kwanza kupiga kelele: "Tazameni dramu! Zimepangwa kishoto!" Kweli. Fundi akaikuza picha mpaka macho yakamtoka. Katika Kutu nzima hajawahi kupita mpiga dramu anayetumia kushoto ila yeye. Na hapo ndipo mtu mzima huyu, aliyeutunga uongo kwa mkono wake mwenyewe, alipoanza kuuamini. Alijiambia wameyaona maneno, wamemkumbuka, wanapanga vyombo kwanza ndipo wapige simu.

Akamweleza mkewe, ambaye ndiye hushona vitambaa vya makochi kwenye cherehani ya uani.

"Wamekupigia?" mkewe akauliza.

"Bado."

"Sasa umejuaje, baba watoto?"

"Mashabiki wote wanajua."

Mkewe akamwona uso ulivyong'aa, akarudi kushona. Alimhurumia. Fundi akaanza kukataa kazi kubwa, akiwaambia wateja atakuwa safarini kidogo. Akanyoa ndevu. Akawa anapiga vijiti juu ya sponji mpaka bega likavimba.

Simu ililia asubuhi, amepiga magoti anakaza springi. Alikuwa Besi, mpiga besi wa Kutu, rafiki yake wa kufa na kuzikana enzi hizo.

"Kaka, upo?"

"Nipo, ndugu yangu! Nipo tayari."

"Tayari kwa lipi?" Halafu Besi akaelewa, akashusha sauti. "Aah. Na wewe umezisikia hizo habari. Pole, kaka. Sijui ni mpuuzi gani kazianzisha."

Fundi akaiachia springi.

"Tuna binti mpya," Besi akaendelea. "Naye ni wa kushoto. Utotoni kila mwalimu alikuwa anamgeuza mkono, mpaka akakuona wewe kwenye video. Amejifunza kwa kukutazama, kaka, mapigo yako yote anayajua. Sasa watu wamegundua ni yeye, wanamtukana asubuhi na jioni, eti kakalia kiti cha Nyundo. Amefunga mikoba anataka kwenda kwao. Sisi tumesema mpaka tumechoka, wanadhani tunaficha. Ukisema wewe mwenyewe watasikia."

"Nitasema," fundi akajibu, na hakuthubutu kuongeza kwamba mpuuzi ndiye huyu anayeongea naye.

Akakaa juu ya fremu ya kochi isiyo na sponji, akalia. Kwanza alijililia mwenyewe, kwamba hawakumwita. Kisha akamfikiria yule binti na mikoba yake, haya ikamshika, akalia tena vibaya zaidi.

Alipojikaza akaandika: "Nyundo harudi. Niliwadanganya. Mwacheni binti apige."

"Mzee Sponji, wamekuhonga?" Masikio akauliza.

"Ushahidi," akasema Katibu.

"Mimi ndiye Nyundo."

Walicheka hao! Mmoja akasema na mimi ni mke wake. Fundi akajipiga picha, upara, kitambi na vumbi la kochi mashavuni, akaituma. Wakauliza huyo babu wa nani. Wakamwambia Nyundo ana nywele. Basi akaiegemeza simu kwenye kopo la gundi, akachukua vijiti, akapiga juu ya ubao mwanzo wa wimbo ule uliowapa Kutu jina. Alipiga kwa roho yake yote, bega linamuuma, akatuma sauti. Masikio, yule wa kusikia milango, akasikiliza.

"Unajitahidi, mzee," akaandika. "Lakini Nyundo hapigi hivyo. Mkono mzito."

Fundi akaviweka vijiti chini. Maana kwa hilo, Masikio hakukosea.

Katibu akafunga mjadala: "Mzee Sponji, tulikuwa tunakuheshimu. Kujifanya Nyundo ni kumvunjia heshima Nyundo." Akamtoa kundini. Fundi akajaribu kurudi, akakuta njia imefungwa.

Alasiri ikaingia meseji ya Besi, maneno mawili tu: "Binti kaondoka." Fundi akaisoma amesimama.

Mkewe akaingia, begani kitambaa alichokishona, akamkuta ameishikilia simu.

"Kuna nini?"

"Wamenifukuza."

"Akina nani tena?"

"Mashabiki wangu."