Niliweka ubao barabarani Ilula ili mama amwone bintiye kwenye mbio za baiskeli

Kamwene wakuu. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi redio hapa Ilula. Mbio za baiskeli nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na daftari ninalo.

Jirani yangu Mama Neema anauza nyanya barabarani. Binti yake anaishi Uyole, ni mwendesha baiskeli wa mashindano. Miaka miwili mbio zimepita hapa, mama hajamwona. Kundi linapita kama upepo wenye rangi, basi.

Na tabia yetu ya Ilula mnaijua: gari likipunguza mwendo tu, tunalikimbilia na ndoo za nyanya. Mwaka jana gari la msafara lilipunguza mwendo, wauzaji wote wakalivamia, Mama Neema mbele kabisa. Nyuma ya migongo yao, mtoto akapita.

"Nimeuza ndoo moja, mwanangu nimemkosa," aliniambia.

Safari hii nikampeleka kilimani, ambako baiskeli hupanda polepole. Wauzaji wenzake wakafuata. Rafiki yangu alikaa chini ya kilima na simu, mimi juu na ubao na chaki. Aliyoyaona aliniambia, nikaandika:

WATATU MBELE.
KUNDI, PENGO DAKIKA MBILI.
NEEMA, KOFIA YA NJANO, PEKE YAKE...

Mkono ukasita. Neno lililobaki lilikuwa "wa mwisho".

"Andika tu, fundi," Mama Neema akasema. "Wa mwisho si ndiye nitakayemwona vizuri?"

"Mama Neema, leo huuzi?" mwenzake akamtania.

"Leo mimi ndiye mteja!"

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Watatu wakapita. Kundi likapita. Barabara ikanyamaza.

Kisha kofia ya njano ikachomoza ukunguni, taratibu, kama ndoto isiyo na haraka ya kuisha. Gari la msafara lilikuwa nyuma yake, linatambaa. Hakuna aliyelikimbilia. Watu wasiomjua waliita "Neema! Neema!", jina wamelisoma ubaoni.

Hakusimama. Aliinua vidole viwili kwenye usukani. Mama yake akainua nyanya.

Nilichojifunza: mtazamaji hahitaji kuelezwa kila kitu. Mwambie amtazame nani, na mtu huyo atatokea wapi.

Kwenye daftari nimeandika: sekunde hamsini na moja, tangu alipochomoza hadi alipotupita. Mama Neema anabisha, anasema zilikuwa nyingi zaidi.

Kwenu mbio zikipita, mnamtambuaje mtu wenu? Karibuni.