Ghala la Ishirini na Tatu

Saa mbili asubuhi. Shangazi, kama wenzake ofisini wanavyomwita, anabonyeza kitufe, anatazama kioo cha kompyuta, kisha anafunika mdomo kwa kiganja.

"Jamani! Ishirini na tatu?"

Kwa miaka saba mwandishi huyu wa programu ameamini kuwa mradi wao, unaokokotoa dozi za watoto katika zahanati arobaini, una maghala tisa ya msimbo, yaani hifadhi za maandishi yanayounda programu. Ndivyo walivyohesabu kwa macho. Kumbe ghala huweza kubeba ghala jingine tumboni, nalo likabeba lake. Leo ameandika skripti, programu fupi ya mistari kumi na minne, inayoingia kila ghala, kutaja kilichomo na anwani ya mahali kinapohifadhiwa, kisha kuzama zaidi.

Kesho mtambo wa zamani unazimwa na programu itaundwa upya kwenye mtambo mpya kwa kukusanya maghala yote. Likikosekana ghala moja, wauguzi watarudi kukokotoa dozi kwa kalamu.

Ghala la mwisho ndilo lenye hesabu ya uzito wa mtoto. Anwani yake inaelekea kwenye kompyuta ya mezani ya Mzee Kimya, mwenzao aliyestaafu miaka minne iliyopita. Tangu aondoke, programu haijawahi kuundwa upya.

Shangazi anasimulia: "Nikasema, mzee huyu katuponza!"

Anampigia simu.

"Shikamoo, Mzee. Ile kompyuta uliyopewa ulipostaafu, iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Iko hapa. Mama watoto anaweka pasi juu yake."

"Pasi? Mwambie aitoe! Nakuja!"

Saa sita mchana, sebuleni kwa mzee, kompyuta inawaka baada ya kupigwa makofi mawili. Ghala lipo, zima. Shangazi analinakili, kisha anafungua kumbukumbu za mradi aone ni nani aliyeandika anwani ile.

Ni yeye mwenyewe, wiki yake ya pili kazini, alipokuwa akijifunza pembeni ya mzee. Alikuwa anajaribu tu, akasahau kurekebisha.

"Nyani haoni kundule," anasema mzee, akisoma jina kiooni na kucheka hadi machozi.

Shangazi hacheki. Anataka skripti iendeshwe kila asubuhi, na mbele ya kila anwani litokee jina la aliyeiandika.

"Nitaanza na langu," anasema. "Nilikuwa nimeshamwandikia mkuu wa ofisi barua ya kukushtaki, Mzee."

Anaifuta barua hiyo kwenye simu mbele ya mzee, kabla haijatumwa.