Dobi Aliyenyamaza na Majibu ya Kisima Namba Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dobi anachovya kitambaa cheupe kwenye ndoo ya kwanza ya siku. Anahesabu hadi ishirini, anakikamua, anakinyanyua kwenye mwanga. Kikibaki cheupe, kazi inaanza. Kikitoka na rangi ya chai hafifu, maji yote yanamwagwa na siku inaanza kwa hasara.

Leo kimebaki cheupe. Anakitupia begani, anakunja mikono ya gauni na kuvuta beseni la mashuka ya nyumba ya wageni.

Mtaa mzima humwita Mama Povu, na jina hilo limemkaa kiasi kwamba akiitwa lake la kuzaliwa hugeuka nyuma kumtafuta mwenyewe. Ana miaka hamsini na miwili, thelathini kati ya hiyo imeishia kwenye sabuni. Ncha za vidole vyake zimepasuka, na wateja wapya huvikagua kwanza kabla ya kumkabidhi nguo zao nzuri.

Yeye ndiye aliyegundua. Miaka saba iliyopita, kiwanda cha ngozi kilicho ng'ambo ya mfereji kilipoongeza zamu ya pili, mashuka yalianza kukauka na madoa ya njano.

"Wateja walisema nimezeeka, eti siku hizi nafua kwa macho," anasema. "Nikawaambia njooni mfue wenyewe, maji haya hapa."

Wakazi kumi na mmoja, yeye akiwemo, wakaunda kamati. Walipiga hodi ofisi hii na ile, wakaambulia njoo kesho. Mwisho waliambiwa walete vipimo, na kupima kisima kimoja tu kulizidi mapato ya dobi ya wiki tatu.

Ndipo shirika moja la hisani kutoka mbali likajitokeza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lilileta chupa za sampuli, likalipia maabara, likaweka wakili ambaye kiwanda hakikuweza kumpuuza. Mama Povu alifundishwa kuchota sampuli. Suuza chupa mara tatu, jaza hadi shingoni, andika saa. Alichota visima ishirini na tatu, na anakiri kwamba hajawahi kufanya kazi kwa madaha namna ile.

Majibu yalirudi mwezi wa tatu. Visima sita vilikuwa na sumu ya kiwandani. Kibaya kuliko vyote kilikuwa namba tisa, kilichoko uani kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Mkataba wa kamati na shirika ulisema matokeo yasitangazwe kabla ya ripoti kuzinduliwa, mwezi wa nane. Kamati ilikaa, ikaisoma sentensi hiyo mara mbili, ikaamua kufunga mdomo. Hakuna aliyetaka kumuudhi aliyewashika mkono. Mwenyekiti, fundi baiskeli, aliwakumbusha kwamba hawatukanwi wakunga na uzazi ungalipo, na wote wakakubali.

Miezi mitano dobi aliingia na kutoka kwa wifi yake bila kusema. Alijaribu kuzungukazunguka: mara amwambie achemshe maji, mara amshauri achote bomba la mtaa wa pili. Wifi alicheka, akamuuliza tangu lini dobi akawa daktari. Kuchemsha hakuondoi sumu ile, na Mama Povu alilijua hilo wakati anautoa ushauri huo.

Uzinduzi ulifana. Kulikuwa na viti vilivyovalishwa vitambaa, hotuba nne na fulana za kijani. Mwandishi wa makala haya alikuwepo, akapokea fulana yake, na katika habari aliyoandika hakuuliza wenye visima walikuwa wanakunywa nini tangu mwezi wa tatu. Wifi alikaa mstari wa pili. Namba ya kisima chake aliisikia kwenye kipaza sauti, pamoja na watu mia mbili.

Kitinda mimba wake, msichana wa miaka tisa, alikuwa ameanza kuvimba miguu tangu mwezi wa sita. Leo hupelekwa hospitali kila wiki kwa ajili ya figo. Daktari anasema hawezi kuapa kwamba ni maji, wala hawezi kuapa kwamba si maji.

Wifi aliuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Alipojibiwa, aliingia ndani akafunga mlango. Huu ni mwaka wa pili.

Baadaye Mama Povu alimsimulia afisa wa shirika lile, mama wa makamo. Afisa huyo alisema katazo lilihusu magazeti tu. Wangeuliza, wangeambiwa wakifunge kisima siku ileile.

"Namba yake ya simu nilikuwa nayo," anasema dobi, sauti ikishuka. "Ilibandikwa ukutani, juu ya meza ninapopigia pasi. Miezi mitano naiangalia. Niliona haya kumsumbua mtu aliyetusaidia."

Wapo wanaomlaumu mfadhili, yeye hayumo. Kabla ya ufadhili, anasema, aliyeona doa alipita nyumba kwa nyumba na kitambaa mkononi, siku hiyohiyo. Desturi hiyo waliiacha kamati ilipopata ofisi. Waliacha mbachao kwa msala upitao, na sasa ofisi yenyewe imefungwa na viti vimegawanwa.

Kiwanda kimelazimishwa kusafisha maji yake na harufu ya mfereji imepungua. Bila fedha zile lisingetokea, naye hulisema hilo hata asipoulizwa. Lakini visima bado haviaminiki, hivyo katika kila sarafu kumi anazopata, nne hununua maji. Kila Jumamosi huacha dumu moja mlangoni kwa wifi. Jumamosi inayofuata hulikuta tupu, mahali palepale. Hajui kama maji yananywewa au yanamwagwa.

Mwezi ujao shirika jingine linaleta chupa mpya, na kamati imemwomba achote tena. Amekubali kwa sharti lililoandikwa ukurasa wa kwanza wa mkataba: majibu yasomwe kwanza kwa mwenye kisima, mlangoni kwake, siku yanapofika.

Ataanza na namba tisa, na atasoma hata mlango usipofunguliwa.

"Sitaki anisamehe, nataka atoke anitukane," anasema, akikung'uta shuka. "Wifi akikutukana bado ni wifi yako. Huyu wangu tukikutana njiani ananisalimia kwa adabu, kama mgeni."