Punje Moja ya Wimbi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke mkiniona nimesimama kando ya mtu anayeosha chuma kwa petroli. Hiyo harufu ndiyo utoto wangu. Naivuta, na niko kijijini Yamumbi tena, miaka ile ya maziwa ya Nyayo shuleni, mlangoni mwa gereji ya Baba.

Baba alitoka upande wa ziwa na mkoba wa spana, akawa mtu wa kuunda injini za magari ya rali. Kwake, injini iliyotoka kiwandani ilikuwa unga tu, bado ugali. Alinawa kwa sabuni kabla ya kuishika, maana alisema mkono mchafu hausongi ugali. Pistoni nne alizipima kwa mizani ndogo kama ya sonara, akikwaruza hii kidogo, ile kidogo, mpaka zikalingana uzito. Mimi nilizuia pumzi. Hata kanisani sikuwa natulia hivyo.

Sheria ilikuwa moja: injini ikiwa wazi, vumbi lisikaribie. Na mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye masikio ya mapambo, nikakaa pale mlangoni na uteo, nikipepeta wimbi ya Mama, ule ulezi wa uji. Upepo ukageuka. Niliona makapi yakiingia ndani, moja kwa moja pale injini imelala wazi. Baba alikuwa ameinama akitafuta bolti, hakuona. Nikanyamaza. Akafunga kifuniko.

Siku ya tatu asubuhi akaja mwenye gari, mkulima wa ngano kutoka Cheptiret, kwa maana kesho yake alikuwa anashindana. Nilimwona akijaribu kofia yake ngumu, akicheka na Baba. Nikasema yote, nikangoja kiboko.

Baba alichukua spana, akaanza kufungua.

"Fundi, unanichelewesha kwa maneno ya mtoto?"

"Mzee, yeye ndiye alikuwa mlangoni," Baba akamjibu. "Mimi sikuwa."

Alifungua mpaka jua likawa la utosi, mkulima akizunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Juu ya pistoni ya tatu kulikuwa na punje moja ya wimbi. Baba aliitoa kwa ncha ya kitambaa, akaniwekea kiganjani. Jioni akaiwasha injini. Mabati yalitetemeka, kuku wa Mama wakakimbilia chini ya kitanda, na ile sauti niliisikia kwa mbavu.

Mkulima aliyawahi mashindano. Juma lililofuata alirudi na gari lenye tope mpaka kwenye taa, akiuliza yuko wapi yule inspekta wa wimbi.

Nikiwa mama mzima, fundi mwingine aliniambia punje ile ingeungua tu na injini isijue. Nafikiri Baba alijua hivyo. Ambacho hakujua ni kama siku nyingine ningesema tena. Kwa hiyo alifungua.

Nilipopata nyumba yangu, kabla hata sijatundika pazia, niliwakalisha watu wote wa nyumbani chini, mume pia, nikaamuru: hapa, aliyekosea aseme kabla kifuniko hakijafungwa, na atakayemchapa aliyesema atanijibu mimi.