Ng'ombe wa Mama, Watoto wa Baba

Mama alimshtaki baba asubuhi moja wakati wa kupura uwele. Hakutuaga. Alivaa kanga yake ya kutokea, akambeba mdogo wetu wa mwisho mgongoni, akaenda kwa miguu hadi barazani kwa mtemi, upande wa Nzuguni. Habari zilipotufikia Ihumwa, watu walidhani wamesikia vibaya. Mume kumrudisha mke kwao tulikuwa tumeona. Mke kwenda mwenyewe kudai talaka, nilikuwa sijapata kusikia, nami nilikuwa na miaka kama kumi.

Baba alikuwa kibarua wa reli. Hakuwa mlevi, wala sikumbuki akimpiga mama. Lakini mama alikuwa na ng'ombe jike mwekundu, aliyempata kwa mtama wa shamba alilolima mwenyewe mwaka mmoja wa mavuno mazuri. Baba alimswaga ng'ombe huyo na ndama wake hadi Chemba, akasema anawapeleka malishoni kwa ndugu yake. Baada ya majuma mawili alirudi na mke wa pili. Ng'ombe na ndama walikuwa wamebaki kwa wakwe zake wapya, wamelipwa katika mahari.

Mama hakupiga kelele. Alimpokea mke mwenzie, akampikia ugali na mlenda, akampa maji ya kuoga. Siku ya tatu ndipo alipokwenda barazani.

Siku ya shauri tulikwenda wote. Mtemi alikaa kwenye kiti, wazee kwenye mabenchi, na karani mezani akiandika katika daftari kubwa la serikali. Mtemi alimwuliza mama anataka nini. Mama akasema anamtaka ng'ombe wake na ruhusa ya kurudi kwao. Watu wakacheka. Baba akaeleza kwa upole kwamba huyu mwanamke mwenyewe alimwoa kwa mahari ya ng'ombe kumi na wawili. Basi atamilikije ng'ombe ndani ya nyumba yake? Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mtemi akauliza kama yupo shahidi.

Bibi, mama mzazi wa baba, akainuka. Nilijua anakwenda kumtetea mwanawe.

"Ng'ombe ni wa huyu," alisema, akimwonyesha mama. "Nilimwona akipima mtama, debe kwa debe. Mwanangu alikuwa kazini relini. Amechukua kisicho chake."

Baba alimtazama mama yake kama mtu aliyepigwa kofi na mpita njia.

Mtemi na wazee walitoka nje, wakakaa sana, wakarudi. Karani akasoma hukumu. Ng'ombe mwekundu arudishwe kwa mama pamoja na ndama. Nyumba na shamba ni vya baba; mama aondoke na vyungu vyake, jembe na nguo. Ndoa imevunjika, na kwa kuwa mama amezaa watoto watatu, mahari isirudishwe.

Nilifurahi. Nilimnong'oneza mdogo wangu wa kiume kwamba tunahamia kwa wajomba. Karani alikuwa hajamaliza. Watoto ni wa baba, akasoma, kwa kuwa mahari ilitolewa yote. Yule wa mgongoni atakaa na mama hadi aote meno ya pili, na baba atampelekea debe moja la mtama kila mwezi. Kisha naye atarudi kwa baba.

Nilidhani amekosea mstari. Nilimgeukia bibi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama naye alikuwa hajui. Alikuwa ameomba ng'ombe na njia. Sisi hakutuomba, kwa sababu hakudhani kwamba watoto wake ni wa kuombwa. Alisimama mdomo wazi, kisha akapiga magoti.

"Mtemi, mwacheni ng'ombe. Nipeni watoto."

Mtemi akamjibu, bila ukali, kwamba hilo halikuwa shauri lililoletwa. Karani akafunga daftari. Nilitazama mikono yake ikifunga, jua la saa sita likiwa juu yetu.

Tulilelewa na bibi. Baba hakusema naye hadi mvua za kwanza. Akitaka kitu, alinituma mimi. Siku moja nilimwuliza bibi kama anajuta.

"Nilisema nililoliona," alinijibu. "Kama ningejua mwisho wake, sijui."

Mtama ulipelekwa mwaka mmoja, halafu ukapungua, halafu ukakoma. Mama hakurudi barazani kudai. Mdogo wetu alipoota meno ya pili, baba alikwenda kumchukua kwa baiskeli. Nilikuwa natoka kuokota kuni, mzigo kichwani. Mtoto aliteremka, akaja mbele yangu, akapiga goti.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Nilikuwa dada yake, naye hakunijua. Nilitua kuni chini, nikatafuta la kumwambia, nikaitika tu marahaba.