Kamba ya Mzigo ni ya Wote

Ukitaka kujua kwa nini dereva anaacha lori la wazi, usimuulize dereva. Waulize majirani zangu wa mtaa wa Mabanga, Goma. Nilipobadilisha gari, mmoja alisema nimezeeka, mwingine akasema mwenye lori amenichoka, na wa tatu, mtu wa sala sana, akatangaza kwamba nimejiunga na watu wa giza. Niliwashukuru wote. Siku hizi si kawaida mtu kuhangaikiwa hivyo.

Kwa miaka mingi niliendesha lori ambalo nyuma ni sakafu tupu, bila kuta wala paa, kati ya Goma na Kiwanja. Kwenda nilipeleka saruji, mabati na magodoro. Kurudi nilileta mbao, ndizi na maharagwe. Mzigo kwenye lori la namna hiyo unashikwa na vitu viwili tu, kamba na huruma ya Mungu. Kamba ilikuwa kazi yangu.

Uzuri wa lori la wazi ni kwamba halijai. Basi lina viti, na viti vina mwisho, lakini juu ya magunia nafasi ni suala la imani. Pale Kiwanja, nikishamaliza kufunga mzigo na kuvuta kila fundo mpaka viganja vikawaka moto, ndipo abiria walijitokeza. "Ni kamufuko kadogo tu, papa," mtu aliniambia, na hako kamufuko kalipandishwa na wanaume wanne wakihema. Ndani ya kabini nafasi zilikuwa na wenyewe tangu dunia iumbwe: afande, mchungaji, shemeji wa mwenye lori. Mama mwenye mtoto mgongoni alipanda juu kwenye upepo, kwa sababu mchungaji alikuwa na kikohozi.

Huko juu alikaa pia mama mmoja wa mtaa wa Mapendo, Goma, aliyefanya biashara ya maharagwe. Hakumwamini mtu yeyote na magunia yake, hata mimi, kwa hiyo alikaa juu yake, nyuma tu ya kabini. Akiona hatari alivua kiatu na kugonga bati juu ya kichwa changu. Nilikuwa na breki za lori na nilikuwa na yule mama, na kati ya hivyo viwili nilijua kipi cha kutegemea.

Sasa niwaambie kuhusu kamba. Abiria wa juu anahitaji kitu cha kufungia mbuzi wake. Anaangalia huku na huku, anaona kamba nzuri, imekazwa vizuri, na anamshukuru Mungu aliyeiweka hapo. Basi anafungua fundo, anafunga mbuzi, na kipande kinachobaki anakirudisha kwenye mzigo kwa kitanzi kidogo, kama mtu anayefunga viatu vya kanisani. Hakuna ubaya moyoni mwake. Angeona kamba yako ya nguo inaanguka, angekimbia kuishika. Lakini kamba ya mzigo kwetu ni kama kisima cha mtaa, kila mtu anachota.

Ndiyo maana nilikuwa nasimama Rugari, njiani, kuzunguka lori na kukagua mafundo. Siku moja nilikuta kamba niliyoiacha imenyooka inaning'inia.

"Nani amefungua hii kamba?" niliuliza. Wote walitazama milima. Hata kuku waligeuza shingo.

"Usikasirike, papa shofere," akasema muzee mmoja mwenye mbuzi. "Hatukufungua. Tuliazima tu kidogo."

"Unaazima kamba ya muzigo?"

"Sasa iko yako peke yako? Si siye wote tuko juu yake?"

Hoja nzito. Nilifunga upya, na wote walinitazama kwa subira, kama watu wanaomvumilia mgonjwa.

Siku niliyoacha kucheka, tulikuwa tumeshapita Rugari na nimeshakagua kila fundo. Chini kulikuwa na mbao, juu maharagwe, na juu ya maharagwe watu. Mahali fulani baada ya hapo, kijana mmoja aliona baiskeli yake inatikisika, akaazima. Kwenye kona ya Kibumba nikasikia kiatu kikigonga bati, kwa nguvu, bila kupumzika. Nilikanyaga breki. Kwenye kioo niliona mbao zinatoka pembeni taratibu, kama droo inayovutwa, na magunia yanazifuata, na yule mama anayafuata magunia yake.

Wengine waliruka. Yeye aliangukia mawe ya volkano. Tulimkuta mkono wa kuume umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na kabla hajalia aliuliza ni magunia mangapi yamepasuka. Mchungaji alishuka kutoka kabini akaomba shukrani kwamba wote tuko salama. Kijana wa baiskeli aliikagua, gurudumu moja baada ya jingine, akasema ni bahati kubwa, haijaharibika. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikakaa chini kwenye vumbi, na nilijua kwamba siwezi tena kubeba watu juu ya kamba.

Mwenye lori alikuwa na gari jingine la mafuta, la tangi. Niliomba hilo. Mke wangu aliuliza kama sijui kwamba mafuta yanawaka. Nilimwambia mafuta yanawaka, lakini hayaazimi kitu. Tangi ni la mviringo na linateleza, halina pa kukalia wala pa kufungia mbuzi. Njiani watu wanakukwepa kwa heshima, na mchungaji anakumbuka ghafla kwamba ana gari jingine la kupanda. Nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu.

Nikaenda Mapendo kumwona yule mama. Alikuwa uani, mkono kwenye plasta, anachambua maharagwe kwa mkono uliobaki.

"Nitarudia Kiwanja wakati plasta itatoka," akasema. "Unichungie nafasi yangu, papa."

Nikamwambia niko kwenye tangi sasa, kwamba kule nyuma hapandi mtu, kwamba hakuna kitakachoanguka tena.

"Na lori yetu?"

"Iko na shofere mupya."

"Anasimamaka Rugari?"

Nilimjua huyo dereva. Ni kijana mzuri, ana haraka, na anasema kamba ni kazi ya abiria. Niliinama nikaokota harage lililoanguka.

Mama akaacha kuchambua. Akanitazama vizuri, viganja vyangu vilivyoanza kuwa laini, shati langu safi.

"Kumbe ni weye ulipona," akasema, bila hasira yoyote, na akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto.